Walimu Tofauti Wanatakiwa

Jumatatu, 3 Machi
Iandikwe na ikumbukwe: leo, mbele ya makatibu wawili na mashine ya kahawa, mimi Verlyn Aamodt nimeteuliwa Mwenyekiti wa Mpango wa Kupata Walimu wa Kila Asili katika shule za wilaya yetu. Minnesota nzima itatusikia! Walimu wetu ni mia moja na nne: Weupe mia moja na tatu, na Bwana Xiong wa hesabu, Mhmong. Wanafunzi? Nusu yao Wasomali, Wahmong waliotoka Asia, na Weusi.

Bi Yolanda Pettway, Mmarekani Mweusi, msaidizi wa mwalimu darasa la tatu kwa miaka kumi na moja, kaja kunipongeza. Akasema cheti chake cha ualimu kimetoka, analitaka darasa letu moja lisilo na mwalimu, na wilaya jirani wamempa kazi, wanataka jibu kufikia Ijumaa. Nikamwambia avute subira mama, nimebanwa, natafuta walimu wa asili mbalimbali. Akanitazama sana.

Jumanne, 4 Machi
Mabango arobaini mjini: TUNATAKA WALIMU TOFAUTI! Nimejipigia makofi.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Nilisahau kwamba huku kwetu hatusemi kitu ni kibaya, tunasema ni “tofauti.” Shemeji akiita mchuzi wako tofauti, mpe mbwa. Mji mzima unauliza kwa nini tunataka walimu wabovu. Kaomba kazi mmoja tu, anafundisha kugawanya kwa filimbi. Xiong kacheka hadi kakaa chini. Akaniambia, Verlyn bwana, hebu tembea humu humu koridoni. Nikamjibu sina nafasi ya matembezi.

Alhamisi, 6 Machi
Maonyesho ya ajira, Minneapolis. Nimeendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenye theluji. Meza ya pili yupo Marlys Gunderson, mwajiri wa wilaya jirani, kang'aa kama sufuria mpya. Kasema anamnyemelea mwalimu mmoja hodari, watoto wanampenda kupita kiasi. Nikampongeza. Nikampa na biskuti!

Ijumaa, 7 Machi
Bi Pettway katia saini kwa Marlys saa sita mchana. Akanikumbatia, akasema, Bwana Aamodt, moyo unao, ila unaondoa theluji mlangoni kwa jirani na wako umezibwa. Watoto wa darasa la tatu walilia. Mimi pia, chooni.

Ukweli ni huu: hakuna aliyeniibia mwalimu. Barua yake ya maombi ilikuwa mezani pangu wiki nzima, nimeiwekea kikombe juu yake. Sikuifungua, kwa sababu yeye nilikuwa namjua.

Jumatatu napanda ndege kwenda Texas. Nasikia walimu wa namna yake wapo kule.