Kumchagulia Mjukuu Chuo cha Mimea

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni miaka arobaini na mmoja, miezi miwili na siku tisa tangu niondoke kwetu. Nahesabu kila Jumatatu baada ya kunyoa. Leo hesabu ilikatizwa. Mjukuu wangu aliingia jikoni na bahasha mbili, uso unang'aa. Vyuo vikuu viwili vimemkubali kusomea botania! Kimoja kiko hapa mjini, vituo sita vya basi kutoka mlangoni petu. Cha pili kiko kwetu. Kwetu hasa! Jengo lile lile ambamo kwa miaka sita nilikuwa msaidizi katika chumba cha mimea mikavu, nikigundisha matawi kwenye karatasi ngumu na kuandika vibandiko. Anatakiwa kujibu kabla ya Jumamosi saa sita mchana.

Nikamwambia kwa utulivu kwamba uamuzi ni wake.

Kisha nikaingia chumbani kupanga njama.

Jumanne, 4 Machi

Mkwe mwenzangu alikuja kunywa chai. Huyu ni babu yake mtoto kwa upande wa baba, fundi umeme mstaafu, mlango wake unatazamana na wetu. Maishani kitu pekee alichowahi kupanda ni ngazi. Nyumba nzima inamwita Babu Umeme, naye anafurahia!

Akatangaza, mdomo umejaa mkate, kwamba chuo ni cha hapa. Kina nyumba ya vioo ya kukuzia mimea, na taa za humo alizifunga yeye. Akauliza, hicho cha kwenu kina nini? Nikasema kina historia. Akasema hata mgongo wake una historia, lakini hautoi digrii. Mjukuu akacheka mpaka chai ikampalia. Iliniuma.

Mpango: nimwonyeshe mjukuu mmea wa ajabu unaoota kwetu tu. Tatizo: sina. Suluhisho: upo mmoja kando ya mfereji wa Babu Umeme. Gugu tu, lakini lina umbo la heshima. Nimelichuma wakati mwenyewe anapigia kelele mpira redioni. Sasa liko katikati ya magazeti. Juu ya magazeti, kamusi mbili. Juu ya kamusi, mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekalia kamusi tangu asubuhi. Binti yangu akauliza kulikoni. Nikasema najisomea. "Kwa makalio, Baba?" Na huyu nilimsomesha mwenyewe.

Alasiri nimegundisha gugu, nimeandika kibandiko: mahali, jina langu, tarehe ya miaka arobaini na mitatu iliyopita. Karatasi nimeizeesha kwa chai ya rangi. Kazi safi. Mkono haujasahau.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu!

Baada ya chakula cha mchana nilitoa karatasi yangu kama mtu anayetoa hati ya nyumba. Nikaeleza kuwa mmea huu haupatikani popote ila kwetu, na kwamba mtafiti kijana angeweza kujijengea jina juu yake. Mjukuu akausogeza dirishani. Akabonyeza shina kwa kidole gumba. Mmea wa miaka arobaini na mitatu ukatoa utomvu!

Akanusa karatasi. Akauliza kwa upole kama zamani walitumia chai yenye tangawizi. Halafu akanyoosha kidole nje, kwenye mfereji wa Babu Umeme, ambako ndugu watano wa mmea wangu walikuwa wakipunga upepo. Akasema, "Babu weee!" Basi, hakuongeza. Afadhali angeongeza.

Kufikia saa kumi Babu Umeme alikuwa na habari. Amesimamisha kibao kando ya mfereji: HIFADHI YA TAIFA. USICHUME.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya wageni katika chuo cha hapa. Nilisema nakwenda kumsindikiza mtoto. Nilikwenda kutafuta kasoro.

Kasoro hazikuonekana. Maabara safi, walimu wakarimu, taa zinawaka zote. Babu Umeme alikuwa akimwonyesha kila mgeni swichi. Tulipofika nyumba ya vioo, mtafiti mmoja, dada wa miaka thelathini hivi mwenye koti jeupe, akatukaribisha chai chumba cha pili. Nikabaki nyuma.

Hapo nikaiona kasoro. Rafu ndefu, vyungu arobaini na viwili, na mpangilio wa ovyo! Jamii ya kunde imekaa na jamii ya nyasi. Mnyanya umetupwa kati ya mayungiyungi mawili. Katika chumba chetu cha zamani, mtu angefukuzwa kazi. Nikavua koti. Kwa dakika ishirini nilipanga vyungu vyote, kila mmea na jamaa zake, jamaa kwa mfuatano sahihi, kama tulivyofundishwa. Nikasimama pembeni kungoja shukrani.

Dada wa koti jeupe alirudi na kikombe. Kikombe kilianguka.

Vyungu vilikuwa vimepangwa ovyo makusudi. Kwa kura! Utafiti wa mwanga, miezi kumi na minne. Namba hazikuwa kwenye vyungu, zilikuwa kwenye rafu. Babu Umeme aliegemea ukuta, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Nikaomba radhi mara saba. Dada akasema yupo anayejua kila mche ulikotoka, ila yuko likizo, na je, mzee angeweza kuondoka sasa hivi.

Ndani ya basi mjukuu hakunitazama. Vituo sita, macho yake dirishani. Nikajua nimeharibu. Hatakwenda kwetu, na hapa hawatamtaka.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne asubuhi amejibu. Amechagua kwetu!

Nilidhani ananitania. Akaeleza kwamba jana, wakati kila mtu anapiga kelele, yeye alikagua vyungu kimoja kimoja. Mimea arobaini na miwili, mingine ina majani mawili tu, haina jina, na Babu hakukosea hata mmoja. Akasema anataka kusoma pale walipomfundisha mtu hivyo. Nikatoka uani kidogo. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Nikavuka barabara kumpa Babu Umeme habari, polepole, ili nimfurahie. Akasema hongera. Kisha akauliza tunasafiri lini.

Tuna-nini?

Niliporudi binti yangu alikuwa na kalenda mezani. Wameshazungumza, yeye na mtoto. Mwezi wa Agosti, mimi na mjukuu. Nimpeleke, nimwonyeshe jengo, mitaa, nyumba yetu ya zamani. Mjukuu akanishika mkono. Akasema hataki kuviona peke yake.

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikula viazi vitatu bila kuvisikia.

Jumapili, 9 Machi

Nimefikiri tangu alfajiri. Nilitaka yeye aende, aniandikie kama vitasa vya makabati ya chumba cha mimea mikavu bado ni vya shaba, kama dirisha la tatu bado halifungiki. Akiandika havipo, naweza kusema hakutazama vizuri. Nikienda mwenyewe, nitamsingizia nani?

Kumwambia hivyo ingekuwa rahisi. Rahisi mno. Nina mpango bora. Kuanzia kesho naumwa. Bado sijaamua wapi. Goti halitoshi, Babu Umeme analo, atadai lake ni kubwa zaidi. Sikio la ndani, lile linaloleta kizunguzungu, linafaa. Hakuna anayeweza kulichungulia, na daktari hukataza safari. Nitaanza kuyumba wakati wa kifungua kinywa, karibu na kiti chenye mto, na kufikia Agosti mtoto atakuwa amezoea kwenda peke yake.

Kwetu sirudi.