Faili Langu la Kodi

Jumatatu, 4 Agosti
Mjomba anasafiri Ijumaa. Duka lake la fotokopi atamwachia mmoja wetu: mimi au binamu yangu, Bosi. Nalitaka hilo duka kuliko kitu chochote. Leo Bosi kamwonyesha namba yake ya mlipakodi. Mjomba akasema huyu sasa ni mtu mzima. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Kisha nikakumbuka: mtu anaweza kuomba taarifa zake kwa watu wa kodi. Bosi ana namba? Mimi nitaleta faili zima.

Jumanne, 5 Agosti
Ofisi ya kodi. Sijawahi kusikia kimya kikubwa namna ile. Makabati hadi darini, na ndani yake, nadhani, tumo sote: mwalimu mkuu, kinyozi, hata daktari aliyening'oa jino. Nusura nivue viatu. Hotuba niliyokariri kwa Kiingereza iliyeyuka, ya Kiswahili ikaifuata. Mama wa dirishani akaniambia ongea mwanangu, hapa hatung'ati. Nikanong'ona. Akanipa fomu. Penye kazi niliona haya kuandika mwanafunzi. Nikaandika: meneja, duka la mjomba. Nikaongeza kwamba wateja husukumana hadi jioni. Wasije wakanidharau.

Jumatano, 6 Agosti
Nimerudi. Yule mama akatafuta kwenye kompyuta, akasema kwa upole kwamba sina kumbukumbu yoyote. Machozi yakanilenga. Ndipo akaniambia faili sasa ninalo, limefunguliwa kwa ajili ya ombi langu. Akalinyanyua. Jina langu juu ya jalada! Ndani karatasi moja tu, ile niliyoijaza mwenyewe. Nikaomba nilishike kidogo. Lilikuwa na muhuri mwekundu: LISHUGHULIKIWE. Maishani sijawahi kushughulikiwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Maafisa wawili dukani, wanamuulizia meneja. Walijua jina langu lote, hadi la babu. Nilisisimka mwili mzima. Kumbe mjomba aliwaambia kitambo kwamba wateja wake ni wa kubahatisha. Wakamsomea maneno yangu kuhusu kusukumana. Mjomba akaniuliza, taratibu kabisa, we mtoto nimekukosea nini. Bosi alicheka mpaka akakalia karatasi za wateja.

Ijumaa, 8 Agosti
Mjomba kasafiri hadi ofisi ya kodi tu, boksi la risiti kwapani. Funguo kapewa Bosi. Mimi nimekatazwa hata kupita mbele ya duka. Nimewaza sana na kosa nimeliona: faili moja lilikuwa dogo mno. Kesho naenda kituo cha polisi kuuliza wana nini juu yangu. Wakisema hawana kitu, nitaomba fomu.