Siku Zangu Ubaoni

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya hamsini na nane bila pombe. Nimeiandika mwenyewe ubaoni pale zahanati, kwenye kikundi chetu cha kuacha pombe, kwa chaki, mwandiko mkubwa. Juu yangu kuna sitini na moja za Dereva. Huyu ni mzee aliyestaafu kuendesha malori, anakunywa chai kwa kelele na hutabasamu kila akiniona. Simpendi.

Leo nesi ametufundisha habari za ubongo. Kila unapokunywa, ubongo unajifunza. Njia ya pombe inachimbika, inazidi kuwa rahisi, mpaka miguu inakupeleka yenyewe. Ukiacha, ubongo huanza kujijenga upya, polepole, kwa kurudia maisha mapya kila siku. Lakini ile njia ya zamani haifutiki. Inalala tu. Harufu, mlio wa chupa, kona fulani ya mtaa, vinatosha kuiamsha. Nilielewa haraka kuliko wote. Mimi ni fundi viatu, ngozi iliyokunjika naijua: uilainishe, uinyooshe kwenye kalibu, ule mguu wa mbao, wiki nzima, alama ya mkunjo itabaki. Nikanyoosha mkono nikasema hivyo. Nesi akanisifu. Dereva akayaandika maneno yangu kwenye daftari lake. Mwizi!

Jumamosi ni siku ya familia. Mwenye siku nyingi kuliko wote ndiye anayesimama kufungua mkutano na kutaja siku zake. Binti yangu ameahidi kuja na mwanawe. Mjukuu wangu ana miezi saba na sijawahi kumbeba. Binti alisema nisipoacha pombe sitamgusa, na ana haki. Kwenye harusi yake nilianguka juu ya meza ya wakwe. Lakini akiniona nimesimama mbele ya watu, ataamini. Kwa hiyo lazima nifungue mimi. Dereva hana hata mtu wa kuja kumwona.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: hesabu. Haiwezekani mtu yule awe amenizidi kihalali. Nimemwomba nesi, kwa heshima zote, akague tarehe zetu sote kwenye kitabu chake, ili ubao useme kweli. Ameusifu uaminifu wangu. Akakagua. Kumbe Dereva alisahau kuhesabu siku tatu za mwanzo, alipokuwa kitandani anatetemeka. Sasa ana sitini na tano. Amekuja kunishika mkono, machozi yanamlengalenga. Nimeshindwa kula.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili ni wa kisayansi. Mtu akikiri kikundini kwamba ameyumba, yaani pombe imemvuta, nesi humwomba apumzike kwanza, asisimame mbele ya watu. Basi! Dereva hana haja ya kunywa. Anatakiwa kuyumba tu. Nitampitisha karibu na baa ya nyuma ya soko, alikokuwa akinywea zamani. Mimi pia nilikuwa nikinywea hapohapo, lakini mimi nimelielewa somo, na aliyelielewa hanaswi. Nimemwomba kesho anisaidie kubeba gunia la viatu vya wateja. Nimemwambia mgongo unaniuma. Amekubali kabla sijamaliza uongo wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui niandike vipi.

Tulifika nyuma ya soko saa kumi alasiri. Kulikuwa na mtu anashusha kreti, chupa zikagongana. Dereva akasimama. Akasema, bila aibu yoyote, kwamba mdomo umemjaa mate, kwamba anaogopa, turudi tupite njia nyingine. Akanishika shati. Ushindi! Nikamwambia atangulie, mimi namkabidhi mhudumu wa baa viatu vyake, dakika moja tu.

Mhudumu hakuniuliza kitu. Aliniwekea ileile yangu, kwenye meza ileile ya dirishani. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika viatu. Wa kulia nikauona umeshika glasi. Nasema kweli, nikauona, kama mkono wa mtu mwingine. Siku sitini, na ile ladha ilinipokea kana kwamba niliondoka jana. Niliogopa sana. Niliendelea kunywa huku naogopa. Ngapi, sitaandika.

Dereva hakutangulia. Nilipotoka nilimkuta upande wa pili wa barabara, amekaa juu ya gunia, ameipa baa mgongo. Akajitwisha gunia, akanishika bega, tukaenda.

Ijumaa, 7 Machi

Natapika, natetemeka. Dereva amekuja kibandani kwangu na chupa ya chai. Ameniambia yeye ameshaanza upya mara nne, ubao unaonyesha ya mwisho tu. Akanikumbusha maneno ya nesi: kuanguka hakufuti yote. Ubongo uliojifunza kwa siku sitini haukusahau yote kwa jioni moja, mradi mtu ainuke mapema na aseme. Ukificha utarudia, na kurudia ndiko kunakoichimba upya ile njia.

Nikamweleza habari za binti yangu na mtoto. Nililia. Kuhusu mgongo wangu sikumweleza. Akanimiminia chai, kisha akasema, "Kesho utafungua wewe, fundi. Mimi sina wa kumwonyesha. Ila useme ukweli. Sema ni siku yako ya pili."

Nikaahidi. Wakati naahidi nilimaanisha kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba kilijaa. Dereva alimwambia nesi sauti imemkauka, nifungue mimi. Binti yangu alikaa mstari wa pili, mtoto kifuani, kofia ya njano. Nikasimama. Maneno ya kweli nilikuwa nayo mdomoni. Kisha nikaona jinsi anavyonitazama, nikasema sitini na tatu.

Makofi! Nesi alipiga kuliko wote. Dereva aliinama akawa anatazama viatu vyake.

Baadaye binti akaja mbele. Nikanyoosha mikono. Akasimama hatua mbili kutoka kwangu. Akaniambia, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, kwamba alifika Alhamisi kunishtukiza. Fundi cherehani jirani yangu alimwelekeza nyuma ya soko. Aliniona kupitia dirisha la baa.

"Ungesema mbili tu, baba, ningekupa umbebe."

Akamfunika mtoto vizuri, akaondoka. Mikono yangu ilibaki imenyooka. Nesi ndiye aliyeishusha.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya tatu. Nesi ameshajua yote, amenikalisha chini. Hakunigombeza. Amesema njia mpya bado ipo, haijaota majani. Nisikae peke yangu, nisisogelee baa, nimwandikie binti barua ya ukweli. Dereva atanipitia kila siku saa kumi na moja, tutembee. Wote nimewakubalia.

Nimekaa nikafikiri sana, kwa makini, nikaona kosa langu lilipokuwa. Dirisha! Pale nyuma ya soko kila mpita njia anaona ndani. Mtaa wa juu kuna baa ambayo, nasikia, haina dirisha hata moja. Sina nia ya kunywa, Mungu ni shahidi. Sasa hivi ni saa kumi. Nitapita mara moja, kabla Dereva hajafika, kuhakikisha tu kama kweli haina.