Lori ya Mkwe Wangu Imenyamaza

Kwa Bwana Mkubwa wa Polisi ya Magari,
Tororo.

Bwana Mkubwa, habari ya nyumbani, na watoto, na mvua ya huko? Huku Kisoko karanga imeota vizuri, panya tu ndiyo inasumbua. Mimi ni Apendi, mama ya Abbo. Huyu anaandika ni Bartholomew, katekista wetu. Yeye iko nje. Mimi iko ndani ya ghala ya mtama, na hiyo ndiyo mashtaka yangu.

Mkwe wangu Emong, mtu wa kabila ya Teso kutoka Merikit, bwana ya Abbo, anaendesha lori ya pamba. Unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso. Zamani lori yake ilikuwa inanguruma kama ng'ombe dume. Ikiwa bado iko mbali kule kwa kanisa, mimi nishajificha. Sasa fundi mmoja wa Busia amefunga kwa ekzosi sailensa mbili, moja nyuma ya ingine. Inakuja kama paka. Honi ilikufa tangu mwaka ya Uhuru.

1. Siku ya kwanza nilikuwa nakula paja ya kuku. Mkwe amwone mama mkwe anatafuna? Nilimeza na mfupa.

2. Juzi naoga nyuma ya nyumba. Sabuni iko kwa macho, nasikia mwanaume anakohoa. Nikajifunika na kapu kubwa ya muhogo. Kuku ikapanda juu, ikataga. Hiyo yai sijakula, naona haya.

3. Kwa vile sisikii lori, nakimbia kila kitu. Padre alileta Komunyo, nikamkimbia. Bartholomew anasema hiyo tusiandike. Andika, Bartholomew.

4. Sasa nimehamia kwa ghala kabisa. Mtama inaniwasha.

Naomba serikali: mwanaume ameoa, kama anaendesha gari, asipewe leseni mpaka mama ya bibi yake aisikie kutoka maili moja. Wewe mwenyewe kuja usimame kwa kanisa, usikilize. Wale wa baisikeli wafunge debe.

Salimia bibi yako, na askari wote, na hata wale mmefunga.

Ni mimi Apendi. Dole gumba nimepitisha kwa tundu ya ghala.

Nyongeza: Bwana Mkubwa, ngoja. Kumbe lori imefika na sikusikia. Injini imenyamaza hivi mpaka nasikia Emong hapa nje anaongea na Bartholomew. Anasema ni yeye alimwambia fundi anyamazishe lori, kwa sababu Abbo alimwambia mama anaanguka kila mara akikimbia kujificha, na goti imevimba. Alitaka nisisikie, nisikimbie, nipumzike. Ameleta na dawa ya kuchua.

Basi hizo sailensa usiguse. Mwongezee ya tatu. Barua anakuletea yeye, lori ingine hakuna. Usimwambie inasema nini. Mwambie tu goti inapona. Na wewe Bartholomew, mwambie aondoke hapa kwangu sasa hivi, nataka kutoka kwa ghala.