Sauti ya Mama Mkwe Ndani ya Kompyuta Iliyozimika

Jumatatu, 9 Juni

Kompyuta imezimika. Asubuhi, katikati ya sentensi! Nilikuwa nachapa hotuba yangu ya kugombea uenyekiti wa koti yetu, yaani nyumba zinazozunguka ule uwanja mdogo hapa Buruburu. Nilikuwa nimefika pale pa "mtu wa kutegemewa". Tk! Kioo cheusi. Feni kimya. Hakuna moshi. Harufu kidogo tu, kama kiatu kilichosahaulika karibu na jiko.

Stima haikupotea. Runinga iliendelea kusema.

Hotuba si neno, ninayo kichwani. Tatizo ni marehemu mama mkwe. Mke wangu Adoyo alimrekodi kwa simu akiimba, kule nyumbani Ugenya, kabla hajaugua. Simu ikaibwa mjini. Nakala iliyobaki imo ndani ya mashine hii, na hapa tu. Jumamosi ni ibada ya kumbukumbu yake, na ndugu wote wanakuja kumsikia.

Sitaita fundi. Mimi nimezaliwa Makongeni, nyumba za reli. Mashine ziko kwenye damu. Ni kweli baba alikuwa akikata tiketi, lakini alizikata karibu sana na injini.

Adoyo aliporudi kutoka kazini alitaka kuusikiliza wimbo kidogo. Nikamwambia mashine inapumzika, inajiandaa kwa Jumamosi. Akasema angefurahi na yeye kupewa likizo ya namna hiyo.

Jumanne, 10 Juni

Uchunguzi umeanza rasmi. Kanuni yangu: anza ukutani, ingia ndani polepole.

Soketi. Nimechomeka pasi, ikapata moto. Soketi ni nzima. Blauzi nyeupe ya Adoyo si nzima tena. Nimeiweka chini kabisa ya rundo.

Kebo. Nimegundua, kwa akili yangu mwenyewe, kwamba kebo ya ile sufuria ya umeme ya wali inaingia sawasawa nyuma ya kompyuta. Nikaichomoa wali ukiwa jikoni, nikaichomeka kwenye kompyuta. Kompyuta kimya. Nikapeleka kebo ya kompyuta kwenye sufuria. Wali ukachemka! Basi kebo ni nzima zote mbili. Katika shangwe nikazichomoa zote na kusahau kurudisha hata moja. Jioni tumekula wali wenye moyo mgumu. Adoyo amelaumu mchele.

Nyuma ya mashine kuna swichi ndogo. Niliizima, nikaiwasha. Nikaizima, nikaiwasha. Hakuna.

Nzivo ameniita juu ya ua. Nzivo ni jirani wa ukuta mmoja, dereva wa ofisi moja ya serikali, na mpinzani wangu wa uenyekiti. Aliuliza mbona siku hizi hasikii tena kompyuta yangu ikinguruma. Alisema kama imekufa, ana namba ya fundi. Nikamjibu haijafa, naiboresha. Akacheka kwa pua. Mtu anayecheka kwa pua hafai kuongoza.

Jumatano, 11 Juni

Adoyo kazini. Nimefungua mashine.

Vumbi la kutosha kupanda viazi. Mende wawili, marehemu. Nimefuta, nimepuliza, nimekohoa. Nimetoa kadi ya kumbukumbu, nikaisugua meno kwa kifutio cha shule, nikairudisha mpaka ikalia tk. Bado kimya. Ile taa ya kijani iliyoko kwenye bodi kubwa haiwaki hata kidogo. Maana yake umeme hauifikii kabisa.

Hapo nikafikiri. Umeme wa ukutani hupitia kwanza pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kilicho pembeni ndani ya mashine, ndicho kinachougawa. Basi aliyekufa ni kisanduku, au ni bodi. Njia ya kujua ni kujaribu kisanduku kingine, kizima.

Nani katika koti hii ana kompyuta kama yangu? Nzivo!

Nimemwendea mkewe, Muthoki. Nikamwambia kama mgombea anayejali jamii ninasafisha vumbi kwenye kompyuta za majirani, bure, na ningependa kuanza na yao. Muthoki alifurahi sana, akaileta mwenyewe mpaka mlangoni. Nzivo alisimama nyuma yake akinitazama kama mtu anayesoma ilani ya kufukuzwa nyumba.

Alhamisi, 12 Juni

Imewaka! Imewaka!

Nilifunga kisanduku cha Nzivo kwenye mashine yangu, nikabonyeza. Feni zikazunguka, taa ya kijani ikawaka, kioo kikafunguka. Wimbo wa mama mkwe upo. Bodi ni nzima. Aliyekufa ni kisanduku changu. Nimekaa chini sakafuni nikajipongeza kwa sauti.

Mlango ukagongwa. Nzivo. Anataka mashine yake, sasa hivi, ana kazi ya kutuma. Nikamwomba anipe muda kidogo. Akasema atasubiri papo hapo.

Nifanye nini? Kukirudisha kisanduku chake ni kumnyamazisha mama mkwe. Nikachukua kile changu kilichokufa, nikakifunga ndani ya mashine ya Nzivo, nikaifunika vizuri, nikamkabidhi ikiwa inang'aa. Nikamwonya asiiwashe mpaka Jumapili, ili vumbi lililobaki litulie.

Alishukuru. Nadhani nilifanya vizuri, kwa jumla.

Ijumaa, 13 Juni

Nzivo aliiwasha jana ile ile. Wengine hawashauriki.

Alikuja jioni, Adoyo akiwa sebuleni. Mkono mmoja alishika kisanduku changu, mwingine kipande cha sponji ya samawati. Alisema amefungua mwenyewe, kwa kuwa alitaka kuona ni usafi wa aina gani unaoua. Kisanduku si chake. Na tundu la kupitishia hewa limezibwa kwa sponji hii.

Adoyo akaichukua, akaigeuza. "Baba Amondi, hii si ya kiti chetu?"

Ni ya kiti chetu. Nikaeleza kwa utulivu kwamba feni ilikuwa ikinguruma wakati wa taarifa ya habari, na kwamba tangu niizibe mwezi uliopita haikunguruma tena. Kama dawa ya kelele, ilifanya kazi.

"Umekinyonga, jirani," Nzivo akasema. "Kilikuwa kinapumulia hapo."

Adoyo hakumsikiliza. "Na sauti ya mama?"

"Ipo."

"Kwani ulijua tangu Jumatatu kwamba haiwaki?"

"Nilikuwa nimekaribia kabisa."

Akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta bila kuniangalia. Hilo sikulipenda. Ningependelea anifokee.

"Iwashe," akasema.

Nikaiwasha. Mama mkwe akaanza kuimba, taratibu, kuku wakilia nyuma yake. Katikati ya ubeti wa pili akakatiza wimbo. Nilikuwa nimesahau kipande hicho. Akamwambia Adoyo kwa Kiluo, waziwazi: "Mumeo alichukua redio yangu kuitengeneza. Muulize itarudi nikiwa hai?" Halafu akacheka, akaendelea kuimba.

Adoyo alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sijui kilianza kipi. Nzivo haelewi Kiluo, lakini alivua kofia. Wimbo ulipokwisha alisema kisanduku chake kikae humo mpaka ibada ipite. Kisha akamwita Muthoki, naye akahamisha wimbo kwenye simu yake, ya Adoyo na ya Nzivo. Simu yangu hakuna aliyeitaka.

Redio iko stoo. Nangoja kipuri.

Jumamosi, 14 Juni

Ibada imefana. Nzivo ndiye aliyeshughulikia spika. Mama mkwe alisikika mpaka nje ya ukumbi, pamoja na ile sehemu ya redio. Shemeji zangu waligeuka wote kwa pamoja, kama kwaya.

Adoyo alinishika mkono wakati wa wimbo. Baadaye alinong'ona kwamba ameiona blauzi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimenunua kisanduku kipya, nimemrudishia Nzivo chake. Yeye ndiye mwenyekiti. Uchaguzi ulifanywa uwanjani jana, kwa kunyoosha mikono. Mkono wa Adoyo niliuona vizuri, na haukuwa upande wangu.

Leo pampu ya maji ya koti imekataa kusukuma. Nzivo akasema ataita fundi. Nikamwambia jirani, hapana, tusiharakishe, hili ni suala la uchunguzi. Soketi ya pampu ni nzima, nimeijaribu kwa pasi. Basi ni mota au ni bomba, na njia ya kujua ni kujaribu pampu nyingine, nzima.

Koti ya pili wanayo. Mwenyekiti wao ni Bi Qamar, mama mpole sana. Nimeshamwambia kwamba wiki hii ninasafisha pampu za majirani, bure.