Filimbi ya Sungusungu Iliyotengenezwa Hadi Ikanyamaza

Ndugu Mtendaji wa Kijiji,

Kwa umri wewe unipe shikamoo, kwa cheo mimi nikupe; tuhesabu tumeshasalimiana. Mimi ni Nchagwa Marwa, mpiga filimbi wa kijiji tangu mwaka 1996. Ng'ombe wakiibiwa napuliza, sungusungu wanatoka. Filimbi hiyo ya mti aliichonga babu yangu. Ilipopata ufa mwezi wa tatu, ofisi yako iliichukua ikatengenezwe. Sasa nasikia mkutano wa Jumamosi utaniachisha kazi kwa sababu siku hizi sisikiki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ufa ulikuwa wa kuzibwa kwa nta ya nyuki tu. Ninyi mkaunda kamati ya watu saba kuutazama. Wakautazama wiki sita, na ufa ukazidi kurefuka mbele ya macho yao.

2. Kamati ikaipeleka filimbi kule mjini Nyamisangura kwa seremala wa milango, bila kumwambia ni kitu gani. Akakuta ufa mmoja na matundu mawili, akaziba vyote kwa gundi, akapiga msasa na vanishi. Inang'aa sana. Haipitishi hata pumzi.

3. Nilipouliza nitaitaje watu, nikapewa fomu ya taarifa ya wizi, nakala tatu. Ina nafasi ya sahihi ya mwizi.

4. Basi naomba ofisi iwaandikie wezi wasimamishe shughuli hadi matengenezo yakamilike. Wanaopitia mpaka wa Sirari kutoka Kenya waandikiwe kwa Kiingereza pia. Wakikaidi, kamati ile ikae zizini iwatazame, maana kwa kutazama haina mpinzani.

Nimeumia, Ndugu Mtendaji. Bila filimbi mimi ni mzee tu mwenye mapafu mazuri.

Wasalimie wajumbe wote saba, seremala, na mama watoto wako Scholastica.

Ni mimi, ninayengoja kusikika,
Nchagwa Marwa

N.B. Barua hii ameniandikia mke wangu, Waisiko, kwa kuwa macho yangu hayaoni vizuri. Anakataa kuifunga bila kuongeza kwamba Jumatano alfajiri wezi waliingia kwa jirani yetu Mseti. Yeye Waisiko akapiga yowe, kijiji kizima kikatoka, na ng'ombe wote kumi na mmoja wakarudi kabla ya chai. Mimi nilikuwa bado natafuta viatu. Anasema ndivyo ilivyokuwa tangu 1996: yeye anapiga yowe, watu wanafika, halafu mimi napuliza. Sikumbuki vizuri, ila sibishi. Anauliza fomu za kugombea nafasi yangu zinatolewa lini.