Sinia la Maskati na Jiko Langu la Kiwalani

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Mtihani wa kidato cha nne umeisha na Manal ameondoka. Yuko Maskati kwa mjomba wake, na wanamshawishi asome hukohuko. Rafiki yangu pekee! Wiki nzima hajajibu ujumbe. Leo nimekumbuka somo la jiografia: chakula hutoa gesi zinazoipasha dunia joto, tangu shambani, kwenye lori, kwenye friji, mpaka jikoni na jalalani. Maskati ni jangwa. Vyakula vinaletwa kwa meli na ndege! Nitamthibitishia kwamba akila huko anaiunguza dunia kuliko akila Kiwalani. Manal ana huruma, aliwahi kumlilia kuku aliyechinjwa sikukuu ya Idi. Atarudi.

Jumanne, 3 Desemba

Nimetafuta takwimu za gesi za chakula kwa kila mtu, Tanzania na Omani. Bando limekata kabla jedwali halijafunguka. Si neno. "Kwa kila mtu" ni mtu mmoja. Basi mimi ni Tanzania, Manal ni Omani. Nimemtumia maswali: umekula nini, kimetoka wapi, kimepikwaje? Amejibu papo hapo! Ameandika, "We Noela una vituko! Haya, uliza." Nimeusoma ujumbe huo mpaka simu ikazimika.

Alhamisi, 5 Desemba

Utafiti unakwenda vizuri. Mchele wao unatoka India. Nyanya zao zinalala kwenye friji. Nimezifurahia sana hizo nyanya! Zangu nimezibeba mwenyewe kutoka Buguruni, kwa miguu. Tanzania tunaongoza.

Mama yuko Masasi anamuuguza bibi. Baba, mchonga vinyago, hurudi ameshakula kazini. Kwa hiyo nchi nzima naipikia mimi, na naila mimi. Dada Zuena, mpangaji mwenzetu, alikuwa amepakua ugali uani pamoja na wanawe. Akanipigia kelele mtoto gani wewe, unakula umejifungia kama mchawi, njoo hapa! Nikasema asante, nimeshiba. Sikuwa nimeshiba. Lakini ugali wake ungevuruga hesabu. Na mtu unaongea nini na watu mnapokula?

Jumamosi, 7 Desemba

Balaa! Manal ametuma picha. Sinia moja kubwa la wali, na mikono ya binamu zake imelizunguka pande zote. Chungu kimoja, moto mmoja, watu kibao. Akaniambia gawanya basi, mtafiti. Nikagawanya. Kisha nikapiga hesabu ya kwangu: jiko limejaa mkaa, limewaka asubuhi mpaka mchana, kwa maharage ya mtu mmoja. Nikamwongezea Manal meli. Nikamwongezea ndege. Nikaongeza friji ya pili ambayo pengine hawana. Bado ananishinda. Nchi yangu imeshindwa na jangwa kwa sababu inakula peke yake.

Sikumficha. Akacheka kwenye sauti aliyonitumia: "Shosti, mie basi nabaki huku, naokoa dunia!" Halafu akasema kwa upole kwamba kweli anabaki, ameshaandikishwa shule. Nyuma yake mtu akamwita, chakula kinapoa. Sauti ikaishia hapo.

Jumapili, 8 Desemba

Dada Zuena amebisha hodi. Nikamwamkia, shikamoo. Hakuzungusha maneno. Amesema macho yangu yamevimba, na asisikie kwamba ni moshi. Amesema kuanzia leo tupike pamoja, jiko moja, tule pamoja. Wanawe wanauliza kila siku kwa nini yule dada haongei. Nikamweleza kwamba haiwezekani, tutachanganya takwimu. Akaenda zake.

Nimefikiri sana na nimeliona kosa. Kosa ni mkaa! Kuanzia kesho Tanzania haipiki. Itakula maembe, karanga mbichi na matango. Gesi zitashuka, tutaipita Omani, na Manal hatakuwa na sababu ya kubaki. Nimemtumia mpango wote. Haujamfikia bado.

Huko uani wanacheka na wameunga mchuzi wa nazi. Nimefunga dirisha ili harufu isiingie kwenye utafiti.